Nilirekodi Vidole, Pumzi Ikabaki Nje

Noti zote zilikuwepo. Niliziona kwenye skrini, vijiti vya kijani vimejipanga baa kwa baa, kila kimoja pale nilipokibonyeza dakika mbili kabla. Nikabonyeza plei. Ngoma zikalia, besi ikalia, gitaa la rithim likalia. Saksafoni kimya. Na dakika mbili hizo hizo kabla nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu mwenyewe kwenye hedifoni, imejaa, ina mvumo, nikajisemea leo nimepata.

Hiyo ilikuwa chumbani kwangu Ngamiani, Tanga, ambako napokea kazi ndogo ndogo za muziki: nyimbo za harusi, kwaya, matangazo ya maduka. Kazi ya safari ile ilitoka kwa dada mmoja aliyetaka kumzawadia mdogo wake wimbo wa harusi wenye ladha ya dansi la zamani, ule muziki ambao mji wetu uliutoa enzi za bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Sharti lake lilikuwa moja tu. "Kaka, saksafoni isiwe ya kinanda. Mama yetu ataijua."

Alikuwa na haki. Sote tumezisikia saksafoni za kinanda, zinazoanza na kuisha kwa nguvu ile ile kama honi ya bodaboda. Mpuliza saksafoni ninayemfahamu mtaani ni mzee mmoja aliyepiga kwenye bendi miaka mingi, lakini meno ya mbele yalishamtoka na ala yake aliiuza zamani. Kwa hiyo tegemeo langu likawa kifaa alichoniletea binamu yangu aliporudi likizo kutoka Muscat: kidhibiti cha pumzi. Ni kisanduku kidogo, ukubwa wa kiberiti, upande mmoja kebo ya USB, upande wa pili mrija laini wa plastiki. Unaushika mrija kwa midomo, unapuliza, na kihisio kilicho ndani kinapima msukumo wa hewa na kuupeleka kwenye kompyuta. Vidole vinabonyeza kinanda, mdomo unapuliza, na saksafoni iliyomo ndani ya programu inavifuata vyote viwili. Hapa nyumbani tunakiita mrija tu, na ndivyo nitakavyokiita.

Ilinichukua karibu wiki tatu kuuelewa. Nasimulia kwa urefu kwa sababu wenzangu wengi wanaanza kutumia vifaa hivi, na kila niliyezungumza naye amekwama palepale: ukipiga moja kwa moja inalia vizuri, ukirudia kusikiliza ulichorekodi imeharibika au haipo kabisa.

Chanzo chake kiko kwenye namna kompyuta inavyoziandika noti na pumzi. Lugha ya MIDI, ambayo vyombo vya muziki vya kielektroniki vinaongea tangu mwaka 1983, inaiandika noti kama ujumbe mmoja: noti ipi, imebonyezwa kwa nguvu gani. Ukiachia kidole unakwenda ujumbe mwingine wa kuifunga. Pumzi haimo humo. Pumzi inakwenda pembeni, kama mfululizo wa namba kati ya 0 na 127, na unapopuliza zinaweza kupita makumi ya namba kwa sekunde moja. Namba hizo zina anwani yake. MIDI inavipa vidhibiti namba, na pumzi ilipewa namba 2, karibu kabisa na mwanzo wa orodha. Kinanda cha Yamaha DX7 kilichotoka mwaka huo huo wa 1983 kilikuwa tayari na tundu la kuchomeka kidhibiti cha pumzi. Gurudumu la kutetemesha sauti ni namba 1, sauti ya jumla ni namba 7, ekspresheni, yaani kukuza na kufifisha sauti ndani ya wimbo, ni namba 11.

Ukipiga piano ya kompyuta, ujumbe wa noti unatosha: noti imeingia, sauti imetoka. Saksafoni ninayoitumia mimi ni ya aina nyingine. Programu haichezeshi sauti iliyorekodiwa kwa mtu, inaikokotoa sauti papo hapo kutokana na pumzi inayopokea. Pumzi ikiwa 0, bonyeza noti mpaka kidole kiume, hutasikia kitu. Mpulizaji halisi naye ni vivyo hivyo, anaweza kuvikalia vitufe vya saksafoni siku nzima na isilie.

Basi ile siku ya kwanza noti zilikuwepo na pumzi haikuwepo. Nilikuwa nimetengeneza traki mbili, yaani njia mbili za kurekodia, moja ya kinanda na moja ya mrija, zote zikimwaga kwenye saksafoni ile ile. Traki ya mrija nilikuwa nimeiruhusu kupitisha pumzi hadi kwenye saksafoni bila kuirekodi, ndiyo maana nilipopiga nilisikia. Kitufe chekundu cha kurekodia nilikiwasha kwenye traki ya kinanda peke yake. Kompyuta ikafanya nilichoiambia: ikaandika vidole, ikaiacha pumzi ipite na kupotelea hewani. Nilichokipiga siku ile, ambacho mpaka leo naamini kilikuwa kizuri kuliko vyote vilivyofuata, hakipo popote.

Siku hizi natumia traki moja tu, nimeiambia ipokee kutoka vifaa vyote, kinanda na mrija kwa pamoja, kwenye chaneli moja. Na kabla sijaisikiliza kazi, naifungua orodha ya matukio, ile inayoonyesha kila ujumbe kwa maandishi, na kuangalia kama namba za pumzi zimo. Kazi ya sekunde kumi.

Nilipofanya hivyo mara ya pili nikakuta pumzi imeandikwa namba 2 na saksafoni bado kimya, kwa sababu ala ile ilikuwa inasikiliza namba 11. Kuna ala zinazosikiliza 2, zipo zinazosikiliza 11, na nyingine 1. Nikaingia kwenye mipangilio ya mrija na kuuambia utume 2 na 11 kwa pamoja ili nimalize ubishi. Lilikuwa kosa, ingawa sikulijua mpaka baadaye, nilipokaa saa nzima nachora upya mstari wa pumzi kwenye namba 2, naushusha hapa, naupandisha pale, na sauti haibadiliki hata kidogo. Ala ilikuwa inasoma 11. Tuma namba moja, ile ambayo ala inaisikiliza, na usiongeze nyingine.

Sasa nikawa na saksafoni inayolia. Ikaja shida iliyonikondesha kuliko zote.

Nikirudia kusikiliza, sauti ilikuwa inakatika. Noti ndefu ilianza vizuri, ikafifia ghafla, ikarudi, ikafifia tena, kama redio iliyoishiwa betri. Mstari wa pumzi kwenye skrini ulikuwa mzuri, umepanda na kushuka kama nilivyopuliza, hauna shimo. Nikadhani kompyuta imezidiwa. Nikafunga programu nyingine zote, nikaongeza bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta inaiandaa kabla ya kuitoa, nikapunguza ala. Ikaendelea kukatika. Nikapakua toleo jipya la programu, nikaiondoa, nikairudisha. Siku mbili zikaenda.

Jioni ya siku ya pili umeme ukakatika mtaa mzima. Laptopu ilikuwa na chaji, na kadi yangu ya sauti inakula umeme wa USB, kwa hiyo hedifoni ziliendelea kufanya kazi. Nimekaa gizani, jasho linanitiririka, nikabonyeza plei kwa kukosa la kufanya. Saksafoni ikalia toka mwanzo hadi mwisho bila kukatika mahali popote. Nikairudia mara nne. Safi.

Umeme uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Hapo nikaamini kabisa kwamba kosa ni umeme wenyewe, nikaenda kuazima stabilaiza kwa jirani, nikaifunga, na siku nyingine nzima ikapotea. Kesho yake usiku ndipo nilipoliona. Wimbo ulikuwa umesimama, sijashika kitu, mrija uko juu ya meza, na kwenye dirisha dogo la mipangilio yake namba za pumzi zilikuwa zinacheza: 2, 4, 0, 3, 0, 5. Nikauinua mrija. 0. Nikaurudisha mezani. 3, 0, 4.

Feni. Feni ya mezani, inayogeuza shingo huku na huku, kila ikifika upande ule ilikuwa inaupulizia mrija. Nikirekodi sauti ya mtu feni naizima, kila mwenye studio ya nyumbani anajua hilo. Lakini kwa kinanda na mrija hakuna maikrofoni, nilikuwa sina sababu ya kujitesa na joto la Tanga. Juu ya hapo, unyeti wa mrija nilikuwa nimeupandisha karibu mwisho ili nisichoke kupuliza, ukawa unasikia hata upepo wa kupita.

Bado nilijiuliza, upepo wa sasa hivi unaiharibuje pumzi iliyorekodiwa jana? Jibu ni kile kitufe chekundu. Nilipomaliza kurekodi sikukizima, wala sikuizima ruhusa ya kupitisha. Kwa hiyo nilipobonyeza plei, ala ilikuwa inapokea pumzi mbili kwa wakati mmoja kwenye anwani ile ile: ya jana kutoka kwenye rekodi na ya sasa kutoka mezani. MIDI haina msuluhishi, namba iliyofika mwisho ndiyo inayofuatwa. Rekodi inasema 84, feni inasema 3, saksafoni inazama. Rekodi inasema 86, inaibuka. Umeme ulipokatika feni ilisimama, mrija ukanyamaza, ikabaki pumzi moja.

Nilifurahi mno usiku ule, nikatoka nje kumsimulia jirani mwenye stabilaiza. Nilichobadilisha ni vitu vitatu. Rekodi ikiisha, nazima kitufe chekundu na ruhusa ya kupitisha kabla sijagusa plei. Kizingiti cha mrija nimekipandisha, kila kilicho chini ya 6 kihesabiwe kuwa 0. Na mrija wenyewe, usipokuwa mdomoni, naulaza ndani ya kikombe kikavu mbali na feni. Mate nayo yana lake: baada ya saa moja ya kupuliza unyevu unajikusanya ndani na namba zinagoma kurudi 0, kwa hiyo nauchomoa, nauosha, nauacha ukauke, naweka mwingine. Nina mirija mitatu ya akiba.

La bafa nilitaje maana limo. Wakati wa kurekodi, bafa kubwa inachelewesha sauti. Bafa ya sampuli 1024, kwa kasi ya sampuli 44100 kwa sekunde, ni kama milisekunde 23, ukizisikia unaanza kupuliza mapema bila kujua ili kufidia. Narekodi kwenye 128, ambayo haifiki milisekunde 3, na kuipandisha baadaye wakati wa kuchanganya. Basi.

Wimbo ukaisha. Niliutoa faili, nikamtumia yule dada kwa WhatsApp saa tano usiku, nikalala. Asubuhi nikakuta ujumbe: "Kaka, ni mzuri, lakini ubeti wa pili saksafoni imekwenda wapi?"

Nilikuwa nimekinakili kiitikio cha kwanza na kukibandika baada ya ubeti wa pili, pamoja na vijibu vya saksafoni vilivyomo ndani ya ubeti wenyewe. Niliziteua noti kwa kipanya, nikanakili, nikabandika, nikaziona zimekaa pale. Pumzi sikuiteua, iko kwenye kijidirisha chake chini, nami macho yangu yalikuwa juu kwenye noti. Tangu pale hadi mwisho, ala ilikuwa na vidole bila hewa. Na sikusikia kwa sababu nilipokuwa nachanganya nilikuwa naurudia ubeti wa kwanza, naukamilisha huo, nikidhani wa pili umenakiliwa hivyo hivyo. Tangu siku ile kazi ya mteja haitoki kwangu kabla sijaisikiliza toka sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, na nikimaliza saksafoni naichapa kuwa sauti, traki ya WAV kama mtu aliyerekodiwa kwa maikrofoni. Mawimbi ya sauti unayaona kwa macho. Mahali palipo patupu patajionyesha.

Kuna tatizo jingine la ukoo huo huo. Ukiusimamisha wimbo katikati ya noti kubwa, pumzi ikiwa 97, halafu ukaanza tena mahali pengine, ala inaweza kubaki na ile 97 mpaka ipate namba mpya, na noti ya kwanza inafoka. Au kinyume chake, unaanza katikati ya noti ndefu na husikii kitu. Programu nyingi za kurekodia zina sehemu ya kuziambia zirudi nyuma kutafuta namba ya mwisho kabla ya pale unapoanzia, na ukiiwasha shida inapungua sana. Mimi, pamoja na kuiwasha, naandika kwa mkono pumzi 0 mwanzoni kabisa mwa traki, na 0 nyingine kila mwisho wa kifungu. Mpulizaji naye hapo angekuwa anavuta hewa.

Nilimrudishia yule dada wimbo ukiwa umetimia. Akaupenda. Ningeweza kuishia hapo, maana hela yangu nilikuwa nimeshapata, lakini kiitikio kilikuwa kinanikera na sikujua kwa nini. Nikaenda kumwita mzee.

Alikuja Ijumaa baada ya swala. Shikamoo, marahaba, nikampa kiti na hedifoni. Akasikiliza akiwa amefumba macho, mkono wa kulia ukichezacheza pajani, vidole vikifuata vitufe ambavyo havipo. Ubeti ukapita, hakusema kitu. Kiitikio kilipoanza akafumbua macho.

"Mwanangu, huyu anapiga kwanza, kupumua baadaye."

Nikamwambia mzee, ni mimi niliyepuliza, nilipuliza sawasawa. Akatikisa kichwa. Akaushika mkono wangu, akauweka mbele ya mdomo wake, akatamka "tu" kama anayepiga saksafoni, kwa taratibu ili nihisi. Kabla ya sauti kulikuwa na kitambo kidogo ambacho kifua kilishasukuma na mdomo umejaa na hakuna kinachotoka. Kisha ulimi ukaachia, na hewa ikanigonga kiganjani kwa mara moja. "Hewa inasimama nyuma ya ulimi, inangoja," akasema. "Ulimi ni mlango tu. Huyu wako amefungua mlango, ndipo anamtafuta mgeni."

Nikafungua noti ya kwanza ya kiitikio nikaikuza mpaka ikajaa skrini. Wimbo unakwenda mipigo 120 kwa dakika, kila mpigo nusu sekunde, na programu inaukata mpigo vipande 480, kipande kimoja kinazidi milisekunde moja kidogo. Noti ilikuwa imekaa juu ya mstari wa mpigo, barabara. Pumzi ilianza kupanda vipande 20 baada ya mstari, ikafika 70 kwenye kipande cha 46. Maana yake noti ilifunguka ikiwa haina hewa, kisha hewa ikaingia taratibu. Saksafoni haikusema "tu". Ilisema "huu".

Na sikuwa nimepiga hivyo. Nilikumbuka: nilikuwa nimechelewa kidogo kwenye kiitikio, nikatumia amri ya kunyoosha, ile inayozikwantaizi noti zote zikae kwenye mipigo. Kidole changu kilikuwa kimebonyeza kwenye kipande cha 46, pale pale pumzi ilipofika 70, yaani hewa ilishasimama nyuma ya mlango kama mzee alivyosema. Amri ikazivuta noti, ikaiacha pumzi ilipokuwa. Nikaifuata kiitikio kizima. Mahali nilipowahi, noti ilisukumwa mbele na pumzi ikabaki nyuma, ikaiangukia noti iliyotangulia, kukawa na kigugumizi kidogo mkiani mwake. Na pale nilipounganisha noti mbili kwa pumzi moja, kidole cha pili kikishuka kabla cha kwanza hakijainuka, amri ilizikata noti zikaachana, ala ikadhani ni noti mbili zilizopigwa ulimi. Ule mteremko wa dansi ukawa ngazi.

Kwa noti za piano amri hiyo haina madhara makubwa. Kwa ala ya kupuliza inatenganisha mkono na kifua. Nikitaka kusogeza kitu siku hizi nateua noti na pumzi yake pamoja, navisogeza vyote kama mwili mmoja, na nikiona nimechelewa sana narudia kupiga. Niliibatilisha amri ile, kiitikio kikarudi kwenye kuchelewa kwake. Mzee akasikiliza. "Sasa ni mtu," akasema. "Mtu aliyechelewa, lakini mtu."

Kisha akauchukua mrija kutoka kwenye kikombe, akaugeuzageuza.

"Hiki kinahitaji meno?"

"Hakihitaji, mzee. Midomo tu."

Nikamwekea mrija mpya. Akapuliza, na mstari kwenye skrini ukapanda ukagonga 127 ukabaki umelala hapo kama paa la bati. Unyeti wangu haukutengenezwa kwa kifua kile. Nikaushusha, akapuliza tena, nikaushusha tena, mpaka pumzi yake kubwa kabisa ikawa inafika 120 na ile ndogo, ya kunong'ona, inasimama karibu na 15 bila kuzimika. Hakuwahi kujifunza kinanda. Kwa hiyo nikakaa kwenye kinanda mimi, yeye kwenye kiti pembeni yangu na mrija mdomoni, tukaanza kiitikio.

Mara ya kwanza haikwenda. Pumzi yake ilifika kabla ya kidole changu na ikaipiga noti iliyopita. Nilizoea kuiongoza pumzi mwenyewe, sasa nililazimika kuisoma kwa mwingine. Mara ya pili niliacha kuangalia kinanda nikamwangalia mabega. Yalikuwa yanainuka kidogo kabla ya kila kifungu, na shavu lilikuwa linakaza kabla hajaachia. Mara ya tatu tukaenda hadi mwisho, na feni nilikuwa nimeizima.

Mstari wake haufanani na wangu. Wangu unapanda, unatulia, unashuka, kama kilima cha kuchorwa na mtoto. Wake haujatulia mahali. Kwenye noti ndefu ya mwisho unaanza chini, unapanda pole pole hadi katikati, halafu yanaanza mawimbi madogo, kama matano kwa sekunde, yanayokuwa makubwa kadiri noti inavyokwisha. Baina ya vifungu unaanguka hadi 0 ghafla, anavuta hewa, na kabla ya noti inayofuata uko juu tayari, unangoja.

Nikamtumia yule dada kiitikio kipya bila kumdai nyongeza. Akakicheza harusini, na mzee nilimpelekea sehemu yake ya malipo nyumbani kwake.

Faili lile ninalo. Kwenye baa ya 31, kati ya kifungu na kifungu, pumzi inapanda hadi 22 na kushuka, na hakuna noti yoyote juu yake. Hapo mzee alicheka ndani ya mrija. Kwenye wimbo haisikiki kabisa, kwa kuwa hakuna kidole kilichobonyeza. Kila nikilifungua faili napita pale, na sijaifuta.